Vyura Wamenyamaza

Karurumo, Jumanne, mvua ya Aprili

Bado nina hasira. Asubuhi Baba Muthoni alipulizia dawa ya wadudu shamba letu la muguka, ile miraa ya majani ya huku kwetu, halafu akaenda kuosha bomba kwenye kidimbwi chetu nyuma ya nyumba, pale pale ndege wa msituni hushuka kunywa maji.

"Na vyura je?" nikamwuliza.

"Vyura si ng'ombe, Mama Muthoni. Hawanipi maziwa."

Jioni nimekuta viluwiluwi wanaelea, wamekufa wote. Korongo mmoja alikuwa ameanza kuwala. Nimemfukuza kwa mawe, lakini sijui alikuwa amemeza wangapi.

Siku zote mvua ikinyesha, vyura hutunyima usingizi. Sasa inanyesha, na ninachosikia ni Baba Muthoni chumba cha pili, akitafuna muguka wa shamba hilo hilo.