Mama Anaposwa, Merikebu Haina Upepo

Merikebuni, 4 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Mimi mzima, ila upepo umetususa. Tumetia nanga nje ya bandari, na matanga yananing'inia kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba. Mimi fundi wa matanga sina la kushona. Nimeshatia viraka hadi suruali ya nahodha. Serahangi, msimamizi wetu mabaharia, na mpishi wamenuniana kwa sababu ya chumvi, wanatumiana maneno kupitia kwangu. Boti ya maji ndiyo inayobeba barua, basi niandikie.

Binti yako

Nyumbani, 9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo haujambo, unasumbua kukiwa na baridi tu. Nina neno, nimelizunguka weee. Yule fundi saa wa mtaa wa nyuma, aliyekuwa akicheza karata na marehemu baba yako, ameniposa. Nikamwambia, "Ngoja nimuulize binti yangu." Akasema, "Muulize, mimi sina haraka." Unasemaje?

Mama yako

Nyumbani, 17 Machi

Mwanangu,

U mzima? Boti imekuja tena na barua za wenzako, yako haimo. Nimekuelewa. Fundi saa nitamwambia hapana, na tusilizungumze tena. Kula vizuri.

Mama yako

Merikebuni, 19 Machi

Shikamoo mama,

Usimwambie hapana. Kama umeshamwambia, mfuate.

Nilikasirika. Nilimwona akilini mtu mwingine amekaa kwenye kiti cha marehemu baba, nikashindwa kuandika. Lakini humu hakuna pa kwenda na hasira zako. Wiki hii serahangi ameshikwa na homa, na anayemlisha uji kwa kijiko ni mpishi, huku bado wamenuniana. Nikamuuliza mpishi, "Kwani mmepatana?" Akanijibu, "Hatujapatana. Lakini akifa, nitamnunia nani?"

Nikakuwaza wewe unavyokula peke yako, huna hata wa kumnunia. Mimi niko baharini, halafu nataka nyumba ibaki vilevile. Olewa, mama. Wala msinisubiri, hata nahodha hajui tutang'oa nanga lini.

Binti yako

Nyumbani, 28 Machi

Mwanangu,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, nikashindwa kuingia ndani. Tumefunga ndoa jana, hapa sebuleni, na majirani wachache. Bwana harusi alinunua viatu vipya, vikambana, akamaliza sherehe peku. Nilicheka hadi machozi. Sasa yuko hapa ananichungulia begani, anauliza utamwita nani. Nimemwambia hilo ni lako mwenyewe, asikuharakishe.

Mama yako

Merikebuni, 31 Machi

Shikamoo mama,

Nawapongeza. Naandika mbiombio, boti inaondoka. Upepo umeingia asubuhi hii, matanga yote yamejaa, na serahangi amepona, anatufokea kama kawaida yake. Mengine nitaandika tukifika. Dirisha la jikoni bawaba yake imelegea, likisukumwa kwa nguvu linang'oka. Mwambie baba awe analifunga polepole.

Binti yenu