Radhi Yako Iko Kisimani

Kwako kaka yangu Salehe, uliyeko Tanga,

Shikamoo sikupi. Salamu zako zimenifikia: unakwenda kuhiji, na kama ilivyo ada unawaomba ndugu zako radhi kabla hujapanda meli. Wengine umewaendea mwenyewe. Mie umenitumia mtu. Kijiji chetu cha Keko unakionea haya, eti?

Unakumbuka tulivyokuwa tukiteka maji bondeni, tungali watoto? Tukifika kwenye kilima ulikuwa ukinipokea mtungi, unasema, "Nikiwa mkubwa nitakuchimbia kisima mlangoni." Nami, mjinga mie, nikaamini.

Hata wazee walikuamini. Siku ile ya baraza, wakati wa vita, Mzungu wa bomani aliposema Serikali yao imetoa msaada wa kuwaendeleza watu wa Keko, walifurahi kuona mkalimani ni mtoto wao. Wakasema kisima. Wakarudia, kisima. Nawe ukamgeukia Mzungu ukamwambia wanaomba barabara.

Jioni ulikuja kula kwangu, ukanieleza mwenyewe huku unamenya chungwa. "Jeshi linataka njia ya kupitisha mafuta kutoka bandarini," ukasema. "Ila fedha hizi ni za maendeleo, lazima wenyeji waiombe wenyewe. Serikali inapima haja yake na yenu. Kwani barabara si maendeleo?" Kazi ya Tanga ulikuwa umeshaahidiwa.

Barabara ikajengwa, malori ya jeshi yakapita kutwa kucha. Sie tukaendelea kunywa maji ya bondeni. Masika yalipokuja Zuhura wangu akaharisha, akafa. Mpwa wako huyo. Ulileta sanda, ukalia kuliko mie mama yake.

Tangu hapo namwomba Mungu unihitaji kwa jambo moja, nikunyime. Leo limekuja, na sikufichi, roho yangu imeburudika.

Nenda ukitaka, meli haitasubiri radhi yangu. Lakini ukipewa maji ya Zamzam, kabla hujayatia mdomoni umkumbuke Zuhura na maji aliyokunywa yeye. Na kama radhi unaitaka kweli, rudi Keko na jembe lako. Chimba palepale barazani, mbele ya wazee uliowasemea uongo, mpaka maji yatoke. Kikombe cha kwanza nitakunywa mie. Nikishakunywa, nitakuamkia.

Mdogo wako,
Mama Zuhura