Jicho Jeupe Juu ya Kabati

Mpendwa Mama Ndinda,

Barua hii sitaitia ndani ya bahasha. Naiandika nikiwa mezani hapa jikoni, na nikimaliza nitaiacha hapa hapa, anayetaka asome. Mimi na wewe tulificha mambo, na mwaka huu nimeona yanavyojitokeza yenyewe.

Unajua kazi yangu ilinifanya mtu wa aina gani. Miaka thelathini nilizunguka masoko, kutoka Machakos mjini hadi Wamunyu, nikikagua mizani na mawe ya kupimia. Nimeona gorogoro, kopo la kupimia nafaka, lililobonyezwa tako ili lichukue maharagwe machache. Nimeona jiwe la kilo lililotobolewa chini, likazibwa kwa nta na kupakwa rangi vizuri kabisa. Mwenye nalo alinisalimia kwa tabasamu, akanipa kiti, akaniulizia watoto. Tangu hapo, mtu akinipa kiti nisichoomba, mimi huangalia mikono yake.

Hata wewe sikukuacha. Unakumbuka mwaka wetu wa kwanza, ulipotoka dukani na sukari, nami nikaitoa mizani yangu ya kazi nikaipima? Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. "Kwani nimeolewa na mtu ama na mizani?" Miaka yote uliwasimulia wageni kisa hicho, na kila mara nilinuna. Leo natamani mtu akisimulie tena.

Tangu utuache ni miaka minne, na nimekaa peke yangu hapa Mumbuni kwa hiari yangu. Nafua mashati yangu mwenyewe. Napika muthokoi, mahindi yake nayakoboa mwenyewe, na huo wa sasa unaiva vizuri, si kama ule wa mwanzo uliokuwa mgumu kama kokoto. Wazee wa kanisa wakinikuta sokoni nikichagua sukuma wiki huangaliana. Binamu yangu Nzioka alikuja kutoka Kalama na shati lake la harusi, akakaa kwenye kochi akakohoa.

"Mzee hawezi kukaa hivi," akasema. "Watu wanaongea. Kuna mama mmoja kule kwetu, mjane, mtu wa heshima. Anajua kupika."

"Anajua kupika, na nini kingine?"

"Aiya! Wewe unashuku hata chakula?"

Ndiyo, nashuku hata chakula. Huyo mama hanijui, simjui. Kwa nini atoke Kalama kuja kunipikia?

Lakini ukweli mwingine nitakuambia wewe. Wakati wa baba zetu hakuna mzee aliyekula peke yake; hata angetaka, asingepata nafasi. Sasa hesabu malango ya barabara yetu. Nyuma ya kila moja yuko mzee au mama mzee, na watoto wako Nairobi, na simu inalia mara moja kwa siku kuuliza, "Uko sawa?" Anayeuliza tayari ameshika funguo za gari, anatoka kwenda kwenye shughuli zake. Anataka jibu moja tu. Nasi tunampa.

Basi, Jumapili moja baada ya Pasaka, Ndinda alikuja na mumewe kutoka Syokimau. Walileta nyama, walileta matunda, wakaleta na kidude cheupe, cha mviringo, ukubwa wa yai la bata. Mkwe wetu akakiweka juu ya kabati la vyombo pale sebuleni, akachomeka waya.

"Ni ya kuongeza nguvu ya mtandao, Baba," Ndinda akasema. "Ndio simu yako isikatike-katike."

Simu yangu haijawahi kukatika. Nikamwangalia mikono. Alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa cha meza, kile cha maua ulichokishona mwenyewe.

Walipoondoka nilivuta kiti nikakikagua kile kidude. Kilikuwa na jicho. Nilisogea kulia, likageuka kulia. Nikarudi kushoto, likanifuata. Mama Ndinda, nilisimama pale juu ya kiti, mzee mwenye mvi, moyo ukinidunda kama mwizi aliyekamatwa, na ni mimi niliyekuwa kwangu.

Sikumpigia simu. Sokoni huwezi kumuuliza mwenye mizani kama mizani yake ni ya haki. Unamtuma mtu mgeni akanunue kwanza, kisha unakuja kupima. Kwa hivyo nilingoja mpaka Jumatano, nikachukua fimbo, nikatoka jikoni nikichechemea, nimeshika goti, nikakaa kwenye kochi kwa kuugulia. Hata dakika kumi hazikuisha, simu ikalia, ni Ndinda.

"Baba, habari ya leo? Miguu haikusumbui?"

"Miguu? Kwa nini miguu?"

"Aa... ni hii baridi tu. Watu wazima huwa inawashika miguu."

Nje jua lilikuwa kali hata kuku walikuwa wamejificha chini ya gari bovu la jirani.

Siku zilizofuata nilikaa vibaya sana. Nilianza kuyakumbuka maneno ya Ndinda moja moja. Alikuwa ameniambia wametengeneza chumba cha chini kwao, chenye dirisha la upande wa jua. Alikuwa ameuliza kama bado napanda ngazi kuangalia tangi la maji. Nikajiambia, wanakusanya ushahidi. Siku moja watakaa wote kwenye sebule hii, wataniwekea mbele picha zangu nikisahau jiko, nikitafuta miwani iliyo usoni, kisha watasema kwa upole, Baba, si unaona? Nyumba hii ambayo wewe na mimi tuliipaka rangi kwa mikono yetu, ukanidondoshea rangi ya kijani kichwani, itakuwa na wapangaji.

Ijumaa asubuhi nilipanda kiti, nikakifunika kile kidude kwa sufuria. Simu ikalia. Sikuishika. Ikalia tena, ikalia, nikaendelea kuchagua maharagwe.

Baada ya saa moja na nusu Ndinda alikuwa langoni. Alikuwa amevaa patapata za bafuni na leso juu ya nguo ya kulalia. Aliingia akihema.

"Baba! Mbona hushiki simu?"

"Kwani leo hunioni?"

Akaiangalia sufuria iliyokaa juu ya kabati kama kofia. Akakaa chini polepole.

"Mlisema ni ya mtandao," nikasema.

"Tulijua ungekataa."

"Kwa hivyo mkanidanganya. Kwangu. Ndinda, mimi nimepeleka watu kortini kwa udanganyifu mdogo kuliko huu." Na nikaendelea. Nilisimama. Nilisema yote, ya chumba cha chini, ya ngazi, ya wapangaji. Sauti yangu ilikuwa ile ya sokoni, ile uliyokuwa ukiniambia niivue mlangoni pamoja na viatu.

Hakunikatiza. Nilipomaliza, aliniuliza kwa sauti ndogo:

"Na wewe na Mama je?"

Nikarudi kukaa kwenye kiti.

"Miezi saba, Baba. Kila siku nilikuwa napiga. 'Tuko sawa.' Nauliza Mama ako wapi, unasema ameenda kanisa. Kumbe ako hospitali amelazwa. Nilikuja kumwona akiwa hawezi hata kuongea vizuri. Sasa nikisikia ukisema uko sawa, mimi usiku silali. Siwezi kukuamini. Nimejaribu."

Unakumbuka ile benchi nje ya chumba cha daktari. Ulikuwa umeshika karatasi ya majibu, umeikunja mara nne, ndogo kama stempu. Ulisema, "Ndinda ana mimba, na ile ya kwanza iliharibika. Usiwaambie." Nami nikasema sawa. Miaka minne nimejiambia kwamba nilitii neno lako. Si kweli. Hukunilazimisha hata kidogo. Nilikubali haraka kwa sababu mimi mwenyewe sikuweza kulitamka jina la ule ugonjwa, na kukaa kimya kulinifaa. Nimekusingizia wewe, mtu ambaye hawezi kujitetea. Nisamehe.

Nilimwambia Ndinda hivyo hivyo. Nilidhani atanifokea, nami nilikuwa tayari. Badala yake akauliza:

"Ile wakati Mama alikuja kwangu kuogesha mtoto. Zile wiki tatu. Mlikuwa mmejua?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, Mama Ndinda. Uongo mzuri wa kumpa mtoto usingizi. Nikaumeza.

"Tulikuwa tumejua."

"Na alikuwa anaumwa?"

"Sana. Alikuwa akienda kumeza dawa bafuni ndio usimwone."

Akajifunika uso kwa leso. "Mwaitu," akasema, akikuita kama alivyokuita alipokuwa mdogo na ameanguka. "Mimi nilimwambia anaosha mtoto polepole sana. Nilimwambia aharakishe, maji yanapoa."

Nilimwambia tu yale niliyoyajua. Kwamba ulirudi kutoka Syokimau umekonda, umechoka, ukakaa kwenye hilo kochi ukanieleza vidole vya miguu vya mtoto huyo mpaka chakula kikaungua. Kwamba hukulalamika juu yake hata neno moja. Sijui kama ilimsaidia. Alilia muda mrefu, nami nikakaa kando yake, mkono wangu ukiwa mgongoni pake kama kitu kisichojua kazi yake.

Kisha nikainua shati. Ubavuni nilikuwa na alama nyeusi yenye ukubwa wa kiganja kizima. Nilikuwa nimeanguka bafuni mara mbili mwezi ule, kichwa kikizunguka, na kila siku nilimwambia niko sawa. Jicho lao halikuwa likifika bafuni.

Alipanda kiti mwenyewe akaing'oa ile mashine. Mchana huo huo alinipeleka kliniki. Ni presha, nimepewa dawa ya kumeza kila asubuhi. Bafuni kumewekwa vyuma vya kushika. Kuhusu Syokimau nilikataa, na akakubali nibaki kwangu, kwa sharti kwamba akiuliza nitasema ukweli.

Ungedhani mambo yakaisha hapo. Hayakuisha. Mwezi mzima Ndinda alinipigia simu kwa adabu kama ya mfanyakazi wa benki. "Habari ya asubuhi, Baba. Umeamkaje? Umekunywa dawa? Asante, Baba." Hakunitania, hakuniuliza kama nimempima mwenye duka. Adabu ile ilinitia wasiwasi kuliko kile kidude. Nilijiuliza anaficha nini, ananichukia kiasi gani, na kama bado anakilaumu kile kimya chetu kila anapomwogesha mtoto. Mara mbili nilipanda kiti nikakagua dari. Nakiri.

Leo asubuhi alipiga tena. "Habari ya asubuhi, Baba. Umekunywa dawa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nikasema, "Sijakunywa tangu juzi. Zinanifanya niende chooni kila saa, nikaona nipumzike kidogo."

Halafu, Mama Ndinda, ungesikia!

"Upumzike? Baba, wewe ni mtu wa aina gani? Unapumzika presha? Mama angekuwa hapo angekuchapa na mwiko! Kaa hapo. Usisimame, usiende popote, nakuja, na nikikuta umepanda kiti tutakosana mimi na wewe!"

Akakata simu bila kuaga. Nilibaki nimeishika sikioni, nikicheka peke yangu kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne. Mtu anayekupangia njama hakufokei hivyo.

Nimekaa kama nilivyoambiwa, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukuandikia. Sasa nasikia gari langoni, na kwa jinsi alivyoubamiza mlango wake, amekasirika kweli kweli. Wacha niishie hapa, nikagombezwe. Pumzika salama. Nitakuandikia tena, na sitakuficha neno.

Mume wako,
Baba Ndinda