Kiwiko cha Mama Mtungi

Fundi Barasa,

Mama Vero alikuwa anatafuta uzi wa kushonea kifungo cha sare ya Vero. Ndivyo mkebe wako ulivyofunguliwa. Mkeo alikaa na ule mkebe wa biskuti juu ya kabati miaka yote akijua umejaa nyuzi na sindano, kwa sababu wewe ndiwe uliyemwambia hivyo. Alipokuta ndani mikono na miguu ya karatasi ngumu, akaufunika na kuniletea karakana. "Hizi ni zenu za kazi," akasema. "Kaa nazo, zisipotee."

Nilifurahi, Fundi. Nataka ujue kwamba kwanza nilifurahi. Tulikuwa tumetoka kukuzika nyumbani Bungoma juzijuzi tu, na nilidhani nimepata kitu cha kukukumbukia.

Ndani alikuwa Mama Mtungi, yule mwanamke wetu wa katuni anayewafundisha majirani kuchemsha maji. Mama Mtungi wa kwanza kabisa, uliyemkata kwa mkono wako kabla ya kumwingiza kwenye kompyuta. Nikamlaza mezani, nikachomeka pini kwenye kiwiko, nikaukunja mkono wake. Nikaukunja zaidi, mpaka vidole vikagusa bega. Hakuna pengo lililotokea. Nikaigeuza ile mikono. Mkono wa juu unaishia kwa duara, wa chini unaanzia kwa duara lilelile, kipande kimoja kimelala juu ya kingine, na tundu la pini liko katikati kabisa. Magoti hivyohivyo. Shingo hivyohivyo. Kiuno pia.

Mimi ulinifundisha kukata mstari mmoja, chwap, kama muuza miwa.

Unajua kilichofuata, maana ulikaa kando yangu ukikitazama. Kila nilipokunja mkono, kiwiko kilifunguka, pengo jeupe likachungulia, nami nikaliziba kwa rangi, picha baada ya picha. Mama Mtungi akipunga mkono mara moja tu, asubuhi yangu imekwisha. Nikilalamika ulisema, "Paka rangi, songa mbele. Hii kazi haitaki haraka." Nami nikarudi kwangu mtaa wa Lindi macho yakiwasha, nikiamini kwamba mateso yale ndiyo ufundi wenyewe.

Halafu kuna ile sehemu ya kompyuta uliyonikataza. Pale pa kuunganisha kipande na kipande. Kila mshale wangu ulipoikaribia, ulinidaka mkono. "Wacha hapo, utaua mashini!" Kwa hiyo nikawa nasogeza bega peke yake, kisha kiwiko peke yake, kisha kiganja, kisha mtungi, na kimoja kikisahaulika, mama wa watu anabaki mkono wake unaelea hewani. Ukinicheka. Tukicheka wote. Kisha unasema, "Hiyo niachie mimi," unanituma nikanunue chai, na nikirudi Mama Mtungi anatembea vizuri kama amezaliwa leo.

Hata wodini, Fundi. Kifua kilikuwa kimekubana, sauti imebaki ya kunong'ona, nami nimekuletea uji. Ulinishika mkono nikadhani unaniaga. Ukasema, "Usiguse pale. Nikitoka nitamalizia mwenyewe." Hukutoka. Hayo ndiyo maneno ya mwisho uliyoniachia, na yalikuwa uongo.

Ulipoondoka filamu ilikuwa imefika nusu. Wale watu wa afya waliotuagizia filamu hiyo walikuja kutoa pole, kisha wakaniambia kwa adabu kwamba wataipeleka kwa wengine huko mjini, kwa sababu aliyeweza kumtembeza huyu mama ni Barasa peke yake. "Si ulisema bado unajifunza?" Mimi sikusema. Wewe ndiwe uliyesema, mbele yangu, kila walipokuja: "Nafula bado anajifunza." Niliinama nikaona ni kweli. Niliwaomba wanipe mpaka mwisho wa juma, na sikuwa na la kuwaonyesha. Karakana ingefungwa, mimi ningerudi kufua nguo za watu, na yote niliyosomea kwako yangekuwa hadithi.

Mkebe ulifika katikati ya juma hilo.

Basi nikagusa pale. Niliingiza vipande vyako vya duara kwenye kompyuta, nikaweka pini katikati ya kila duara, nikafumba macho, nikabonyeza. Mashine haikufa. Nikaunganisha kiganja na kiwiko, kiwiko na bega, bega na kiwiliwili. Nikasogeza bega, na mkono wote ukafuata, na mtungi ukafuata mkono. Kabla ya chakula cha mchana Mama Mtungi alikuwa amevuka kioo chote, kutoka kwenye kibanda cha maji mpaka mlangoni kwake.

Sikushangilia. Nilitoka nje nikalia pale kwenye kamba za nguo, mpaka mwenye ploti tunayopanga akatoka kuniangalia. "Wewe msichana, nani amekupiga?" Ningemjibu nini? Kwamba nimepigwa na mtu niliyemzika?

Watu wa afya walikuja, wakamtazama Mama Mtungi anatembea, anainama, anatua mtungi. Wakakubali nimalizie filamu, kisha mmoja akatikisa kichwa kwa huzuni. "Barasa aliwacha kazi safi," akasema. Hapo ndipo uliponiua, Fundi.

Na kinachonikera zaidi ni kwamba hukuwa mtu mbaya. Ungekuwa mbaya, ningekuwa nimeshakusahau. Wewe ndiwe uliyenipeleka mtaa wa Mashimoni tukasimama karibu na kibanda cha maji kuwatazama akina mama, ukaniambia niache kutazama mtungi, nitazame nyonga. Ulinibebesha mtungi uliojaa ili nijue mwili unakunjikia wapi. Ulimwigiza mwenye ploti anavyotembea siku ya kukusanya kodi, tumbo mbele, miguu inafuata baadaye, mpaka nikamwaga sahani yangu ya githeri. Ulinipa macho. Kisha ukanifunga mikono. Nimejaribu kukuwazia kwa wema, kwamba pengo lile lilikuwa la kunifundisha subira, nikashindwa. Mtu hamfichi mkewe somo la subira ndani ya mkebe wa nyuzi.

Sasa sikia lililotokea wiki hii. Mama Vero alikuja tena, akaketi kwenye kiti chako. "Nifunze hii kazi," akasema. "Ama nitakaa tu hivi nikiangalia ukuta?"

Nikampa makasi na karatasi. Akaniuliza mkono unakatwaje. Na Fundi, nitakwambia wewe kwa sababu huwezi kumwambia mtu: ulimi wangu ulikuwa tayari kusema mstari mmoja, chwap. Nilimwona kichwani mwangu amejifunza haraka kuliko mimi. Niliwaona wale watu wa afya wakimsalimia yeye kwanza, kwa kuwa ni mjane wa Barasa. Nikaona kiti chako, na changu, na kazi iliyopo ambayo haitoshi watu wawili. Kwa mara ya kwanza nikakaa mahali ulipokuwa umekaa, na nikajua kwamba hukunidharau. Uliniogopa.

Kujua huko hakukunipunguzia uchungu. Uliniogopa kila siku huku unanikaribisha chai, na mimi sikuwa hata na wazo la kuondoka.

Mama Vero alikuwa bado amekamata makasi, ananingoja. Nikachukua kifuniko cha soda, nikakiweka kwenye kiwiko, nikakizungushia penseli. "Kata hapa," nikamwambia. "Halafu njoo nikuonyeshe kwa kompyuta mahali mumeo alikuwa anakataza." Alikata vibaya, akarudia, akachomeka pini, akakunja. Hakuna pengo. Akacheka, mara ya kwanza tangu tukuzike, akaukunja tena na tena kama mtoto. Kisha akauliza, "Na wewe ilikuchukua muda gani kujua hii?"

Nikasema si muda mrefu. Nimekufichia hilo kwa mkeo, na sitakufichia lingine.

Lala, Fundi wangu. Sijakusamehe, na sitaki kumdanganya mtu asiyeweza kunijibu. Lakini nakuahidi hivi: yeyote atakayeketi kwenye kiti chako ataanza na kifuniko cha soda, siku ya kwanza, kabla hajanywa chai. Na mkebe nimemrudishia Mama Vero. Ameutia nyuzi.

Ni mimi,
Nafula, niliyekuwa bado najifunza