Tulifungwa, uwanja ukajaa

Jumapili, baada ya chakula cha jioni

Tumefungwa mbili kwa moja na bado natabasamu peke yangu.

Otieno ndiye aliyetufunga mabao yote mawili. Msimu uliopita alikuwa wetu. Tulikuwa tumenyakua kila mchezaji mkali wa Eastlands, tukashinda kila mechi, mpaka mashabiki wetu wa hapa Umoja wakabaki nyumbani. Nani alipe kiingilio kuona matokeo anayoyajua? Nikamwachilia Otieno aende timu ya wachinja mbuzi wa Kiamaiko. Kamati ilininunia mwezi mzima, na baada ya leo huenda ikaning'oa kwenye uenyekiti.

Lakini leo tiketi ziliisha kabla mpira haujaanza! Nilirarua daftari la insha la binti yangu, nikagonga muhuri wa klabu kwenye kila kipande kiwe tiketi. Sijui kesho mwalimu wake ataambiwa nini. Kiingilio cha leo kimetupatia pesa za jezi tulizokosa tukiwa mabingwa.

Mwishoni kocha wetu alinijia amekasirika. "Mwenyekiti, unaona venye umetufanyia?"

"Naona. Hebu geuka na wewe uone."

Akageuka. Firimbi ilikuwa imelia kitambo, na watu wa Umoja walikuwa bado wamejaa pale, wakibishana.