Neno Alilosema Mnunuzi wa Mwani

Utende, Mafia
3 Julai 2024

Wifi yangu Recho,

Hujambo? Habari za Songea na baridi yake? Kaka Muhidini mzima? Sisi huku hatujambo, ila mama anasumbuliwa na magoti. Najua tangu mlipofunga ndoa bomani hatujaandikiana, na nisingekuwa na shida ningeendelea kuona haya. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha Kiingereza ulipokuwa mwalimu hapa, sina mwingine wa kumuuliza.

Kikundi chetu cha mwani kimepata mnunuzi, Mzungu anaitwa Lukas. Wiki iliyopita alikuja kuona mzigo. Akafungua gunia, akatia mkono, ukatoka na mchanga na unyevu. Akasema polepole, "I have lost faith in you." Wenzangu wote wakanitazama mimi, mkalimani wao. Faith ulitufundisha ni imani, mambo ya dini. Nikawaambia, "Mgeni anasema dini imempotea."

Bi Kidawa, mwenyekiti, akashika kichwa. "Masikini, kijana mzima!" Wakamkalisha mkekani, wakampakulia wali na samaki, kisha Bi Kidawa akamwombea dua ndefu, sote tukaitikia amina. Mzungu wa watu alikula, machozi yakamlenga, akaondoka. Sasa tumesikia hachukui mwani wetu. Wifi, nimekosea wapi?

Wifi yako,
Mize


Songea
17 Julai 2024

Wifi Mize,

Barua yako imefika shuleni, nami nimefurahi kuliko unavyodhani. Sisi wazima. Muhidini ameisoma akacheka hadi akapaliwa. Mimi sikucheka sana, maana neno lenyewe linateleza.

Faith ni imani ya dini, ndiyo, lakini wenye lugha yao wanalitumia hata sokoni. Ukiwa na faith na daktari, unaamini atakutibu. Jambo ulilolifanya kwa "good faith" umelifanya kwa nia safi, hata kama limeharibika. Anayeshika faith na mwenzake hajamtupa, ahadi yake ipo palepale. Na ukisema umepoteza faith na watu, basi huwaamini tena. Hilo ndilo alilosema Lukas. Mungu wake hakumpoteza. Ni ninyi ambao hakuwaamini tena, kwa ajili ya ule mchanga. Waambie wenzako ukweli kwanza, halafu umwambie yeye.

Hata Kiswahili chetu kina hayo. Mtu wa imani anaweza kuwa mcha Mungu, anaweza kuwa mwenye huruma tu. Siku ile bomani mama alisema mimi sina imani. Mpaka leo sijui alikusudia ipi. Salamu zangu kwake sizitumi, maana sijui kama zinapokelewa.

Wifi yako,
Recho


Utende
9 Agosti 2024

Wifi Recho,

Salamu nyingi kwako na kwa kaka. Sisi tunaendelea vizuri.

Nimewaambia wenzangu. Bi Kidawa alicheka mpaka kanga ikamdondoka, kisha akauliza, "Sasa huo mchanga nani kautia?" Mwishowe mwenzetu Kijakazi akasema ni yeye: mvua ilimkuta, akauzoa mwani mbichi na mchanga wake ili naye asikose cha kupeleka. Alilia. Hatukumfukuza, ila sasa tunaanika sote pamoja, juu ya chanja.

Lukas nilimkuta ufukweni akisubiri boti ya kwenda kisiwa cha Jibondo. Nikamwambia, "Ulisema huna imani na sisi. Mimi nikawaambia wenzangu huna dini."

Akaduwaa. "Kwa hiyo ile dua?"

"Tulikuombea imani yako irudi."

Akacheka, kisha akaacha. Akaniambia mama yake alifariki Mei, na alipoona wanawake wameinua mikono alidhani kuna mtu ametupa habari ya msiba wake. Nikampa pole. Mzigo ule hakuuchukua. Wala hakusema anatuamini tena. Alisema atakuja kuangalia mavuno mengine.

Mama nilimuuliza lile la bomani, alikusudia imani ipi. Alitoka kwenda kufungia kuku.

Wifi yako,
Mize


Songea
2 Novemba 2024

Wifi Mize,

Hamjambo huko? Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako niliisoma, nikafika kwenye kuku, nikashindwa kujibu.

Shule zikifungwa Desemba, Muhidini atakuja kuwaona. Mimi nitabaki. Krismasi nitakula na walimu wenzangu. Sitaki mama akose raha nyumbani kwake. Usimwambie kwamba nimeumia, tafadhali. Mwani unaendeleaje?

Wifi yako,
Recho


Utende
20 Novemba 2024

Wifi Recho,

Sisi wazima, na magoti ya mama yana nafuu. Lukas amekuja. Amefungua magunia yote, hata moja hakulisamehe, akachukua nusu. Nusu nyingine anataka tuianike tena. Bi Kidawa anasema si haba.

Barua yako nimemsomea mama yote, na pale uliponikataza pia. Akanifanya nirudie. Kisha akasema, "Mwanangu amwache mkewe peke yake siku ya sikukuu yake, aje kula kwangu? Hayo nani kamfundisha?" Akaingia ndani. Nikadhani ndiyo yameisha.

Jioni nikamkuta uani na Mwalimu Edwin, yule jirani yetu wa kutoka bara. Mama alikuwa anamuuliza ibada ya Krismasi kanisani Kilindoni inatoka saa ngapi, maana anataka kujua wali aupalie makaa wakati gani, usije ukapoa kabla wewe hujarudi.

Wifi yako,
Mize