Watoto Hawajambo

Jumatatu, 4 Juni 1956
Chumba nimepata! Kile cha nyuma ya kanisa, kilichokuwa cha majembe ya usharika. Mchungaji Filipo kanipa viti viwili na jiko la mkaa — huku Chome milimani mwezi huu baridi kali. Asante Mungu! Mafunzo ya ushauri kule Moshi yamekwisha na leo mimi, Lea wa Usangi, naitwa Bibi Mshauri. Nimecheka peke yangu.

Jumatano, 6 Juni
Mgeni wa kwanza! Dorkasi, kaletwa na mama mkwe wake, Bibi Rogathe. Kitoto chake kilifariki mwezi wa tatu. Tangu hapo Dorkasi hamtaji mtoto, halii, moto hawashi. Bibi Rogathe kanivuta pembeni: hali ikiendelea hivi, baada ya mavuno atamrudisha kwa wazazi wake. Hakusema kwa ubaya, machozi yalimlengalenga.
Nikabaki na Dorkasi, tukasalimiana. Za nyumbani? Nzuri. Ng'ombe? Hawajambo. Shamba? Salama. Watoto? Hawajambo. Basi. Kaaga, kaondoka.

Ijumaa, 8 Juni
Nimegundua — salamu ndizo zinazotufungia mlango! Ukishasema watoto hawajambo, utaanzaje tena kusema mmoja yuko kaburini? Hata mzee Andrea, jirani wa kanisa, leo kaja na mkono umefungwa bendeji, namuuliza za mwili, eti nzuri! Dorkasi akija tena nitaziruka. Moshi walituambia: nendeni moja kwa moja kwenye jambo.

Jumatano, 13 Juni
Ole wangu! Dorkasi hajakaa vizuri nikamwambia, "Karibu dada, tuzungumze habari za mtoto."
Akaniangalia. "Kwenu Usangi watu hawasalimiani?"
Akajifunga kanga yake, akatoka. Mjinga mimi! Mfiwa, hata salamu nimemnyima.

Jumapili, 17 Juni
Baada ya ibada nimemwomba radhi. Kasema yameisha. Hayajaisha, lakini kanisindikiza mpaka njia panda, na angeweza kunipita tu. Nashukuru mno. Jioni Bibi Rogathe kaniletea makande. Jitahidi mwanangu, kasema, nampenda mtoto wa watu, ila naogopa atanifia mikononi.

Jumatano, 20 Juni
Dorkasi kaja! Mwenyewe, hakuletwa! Tumesalimiana salamu zote, polepole. Kaniuliza mimi kwanza. Badala ya nzuri, nikasema kweli: usingizi sipati tangu nilipokukosea. Katabasamu kidogo. Zamu yangu kuuliza. Shamba? Maharage yamepigwa na baridi, kasema. Hakusema salama! Nikafika kwa watoto, nikawaulizia mmoja mmoja. Aminieli? Hajambo. Honorata? Ana kikohozi.
"Na mdogo wao?"
Kachochea mkaa.
"Tumainieli," kasema. "Huyo hatunaye, dada."
Kisha kilio. Nami nililia, Mungu anisamehe, sijui kama mshauri anaruhusiwa.
Mara hodi — Bibi Rogathe! Kasikia kilio akiwa njiani. Nikataka kumwomba asubiri nje. Dorkasi kanishika mkono: "Mwache aingie. Naye hajaulizwa."
Nimetoka kufuata mkaa, naandika nimeegemea ukuta. Sirudi kwanza. Nasikia Dorkasi anamsalimia mkwewe upya, kana kwamba hawakuamka nyumba moja leo. Shikamoo mama. Za nyumbani? Bibi anaitikia, nzuri. Ng'ombe? Hawajambo. Shamba? Salama. Asante Mungu, asante — sasa Dorkasi kafika kwa wajukuu, anawataja mmoja mmoja —